Jino linaoza mafichoni: mbele ya kung'oa, tuombe picha

Wiki iliyopita, tulipomaliza matangazo ya asubuhi, fundi wetu wa mitambo alishika shavu akasema: «Leo naenda kung'oa.» Hakusema anaenda kutibiwa. Hapa Bukavu, tangu Kadutu mpaka Panzi, ndivyo tunavyosema jino likiuma, na muganga naye mara nyingi ndivyo anavyofanya, kwani tunamfikia wakati hakuna tena kingine cha kufanya. Siwezi kumcheka. Mimi pia nilipoteza gego kwa ujinga huo huo.

Kila nilipokula nyama ao sambaza, kitu kilibaki kati ya magego mawili ya chini, upande wa kuume. Nilikata kijiti cha ufagio, nikachokoa, basi. Miezi ikapita. Nilienda kwenye kliniki moja ya mji, wakanimulika na tochi, wakaniambia meno ni mazima. Na kweli, kwa juu yalikuwa mazima na meupe. Kisha usiku mmoja maumivu yakaniamsha. Picha ya radiografi, niliyolipia mahali pengine, ilionyesha matundu mawili yanayotazamana, moja kwa kila jino, pale yanapogusana. La kwanza lilikuwa limefika kwenye mshipa, jino likang'olewa. La pili lilizibwa, na mpaka leo ninatafunia.

Mswaki haufiki pale meno mawili yanapobanana. Utando wenye vijidudu unabaki, vijidudu vinakula sukari tuliyokula sisi, vinatoa asidi, na asidi inakula polepole ganda gumu la nje. Jicho la muganga halioni kitu. Ile picha ndogo ambayo unauma kibao chake kati ya meno ya juu na ya chini, ndiyo inaonyesha. Mionzi yake ni kidogo sana, lakini mama mjamzito aseme mapema kama ana mimba.

Jambo ambalo watu wengi hawajui ni hili: tundu likiwa bado ndani ya ganda la nje, na uso wa jino haujabomoka, si lazima kutoboa. Floridi na usafi vinaweza kulisimamisha palepale. Likipita ganda na kuingia sehemu laini ya ndani, linakimbia. Ndipo kuziba kunahitajika. Likifika kwenye mshipa, ni kutibu mizizi, kazi ndefu na ya bei, ao kung'oa. Kwa hiyo tunapongoja maumivu, tunangoja mpaka ile matibabu ya bei ndogo imekwisha kupita.

Najua mtaniambia: mwandishi, picha inalipwa. Ni kweli, na tangu mabenki yafunge milango mwaka 2025, hata mwenye mshahara anahesabu noti moja moja. Umeme nao ukikatika, mashine inalala. Lakini fikiri mama wa soko la Kadutu anayepoteza siku tatu za biashara kwa ajili ya shavu lililovimba. Hiyo si garama? Wenye viti vya meno nao ninawaomba jambo moja: wabandike bei ya picha ukutani, na wasimwambie mtu «meno ni mazima» kama wametazama na tochi tu. Waseme: kwa juu ni mazima, kati hatujaona.

Na wewe ukiona chakula kinanasa kila siku mahali pale pale, ao uzi unachanika ukiupitisha, ao maji baridi na chai ya sukari vinakushtua upande mmoja, usingoje usiku wa maumivu.

Nyumbani, dawa ya meno, ile sisi wote tunaita kolgati hata ikiwa ya kampuni nyingine, isomwe kwenye tube. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya madawa ya lazima, na sisi tunanunua tube bila kugeuza nyuma! Tafuta neno «fluor» na namba kati ya 1000 na 1500 ppm. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, kisha tema tu. Ukisukutua na maji mengi unaitupa dawa. Usiku pitisha uzi wa meno kati ya meno, polepole, ukikumbatia jino moja kisha lingine. Kijiti cha ufagio kinaumiza fizi na hakisafishi pale yanapogusana.

Kwa watoto ninaogopa zaidi. Bombo wakitoka shule, sukre siku ya yenga, mandazi yenye sukari asubuhi, na mzazi anasema ni meno ya maziwa, yatatoka yenyewe. Gego la maziwa linakaa mpaka miaka 10 ao zaidi, na usaha wake unaweza kuharibu jino linalokuja chini yake.

Fundi wetu sikumzuia, nilimwomba tu apige picha kwanza. Aliniletea: mshipa bado haujafikiwa, wamemziba. Posho ijayo ninampeleka binti yangu wa miaka 7, asiyelalamika kitu. Nimeulizia saa ambazo umeme huwa unapatikana kule.