Mwanafunzi wa Miaka 13 na Nauli ya Treni ya SGR

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).

YAH: NAULI YA FAMILIA KATI YA DAR ES SALAAM NA DODOMA

Treni ya umeme ya SGR, yaani reli ambayo vyuma vyake viwili vimeachana kwa milimita 1,435 badala ya milimita 1,000 za reli ya zamani, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, kwa nauli iliyoidhinishwa na Mamlaka ya shilingi 69.51 kwa kilomita katika treni ya kawaida, sawa na shilingi 31,000 kwa safari nzima. Kiwango hicho kinakaribiana mno na shilingi 67.84 zilizopangiwa basi la daraja la kati Desemba 2023. Na kwa kuwa basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa ilhali treni hufika 160, msafiri aliye peke yake hana haja ya kupiga hesabu mara mbili. Ndege humfikisha Dodoma kwa takribani saa moja ya angani, lakini foleni ya Barabara ya Nyerere, ukaguzi na kungoja hula sehemu kubwa ya saa alizookoa.

Hesabu hubadilika pale wasafiri wanapokuwa familia, kwa sababu nauli huhesabu vichwa na mafuta huhesabu kilomita. Ikichukuliwa kwamba gari dogo linatumia lita moja kwa kilomita 10, na lita ni shilingi 2,800, mwendo wa kilomita 450 hugharimu shilingi 126,000, wawe ndani watu wawili au watano. (Matairi na uchovu wa dereva havimo, ingawa ni wenye magari wachache wanaovihesabu.) Wazazi wawili na watoto watatu wa shule ya msingi, ambao hulipa nusu nauli kuanzia miaka 4 hadi 12, hulipa treni shilingi 108,500, na reli hushinda. Watoto haohao wakishaingia sekondari, familia hulipa shilingi 155,000, na gari hushinda, tena likiwa na faida ya kuwafikisha mlangoni bila bajaji wala teksi ya kutoka stesheni.

Mpaka huo wa miaka 12 ndio unaostahili kuangaliwa upya. Katika daladala, Mamlaka hiyohiyo imeweka nauli ya mwanafunzi ambayo haikomi anapomaliza darasa la saba, kwa kuwa kinachotazamwa ni uanafunzi wake na si umri. Kwa nini basi kijana huyohuyo ahesabiwe mtu mzima anapopanda treni? Inapendekezwa kwamba Mamlaka, kwa kushauriana na Shirika la Reli Tanzania, iruhusu nusu nauli kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye kitambulisho, walau katika likizo za Juni na Desemba, familia zinaposafiri kwa pamoja.