Dhima Aliyobebeshwa Muuguzi

Serikali ya Marekani ilipoamuru, tarehe 20 Januari 2025, kwamba fedha za misaada ya nje zisimamishwe kwa siku 90, majuma machache tu baada ya waasi wa M23 kuingia Masisi, mashariki mwa Kongo, haikutajwa popote ni nani atakayemkabili mwanamke aliyebakwa na kumwambia kwamba dawa haipo. Kazi hiyo iliachiwa muuguzi. Na kumwachia peke yake, kwa hukumu yangu, ni dhuluma.

Husemwa kwamba wauguzi wanazo kanuni zao, zile za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za tangu 1953, na kwamba penye vita fedha hutangulia, mashauri ya maadili yakafuata. Kanuni ni njema, na fedha ni lazima, sibishi.

Lakini tuzitazame saa 72. Dawa ya kumkinga aliyebakwa na virusi vya Ukimwi humezwa siku 28, nayo haina budi kuanzwa kabla saa hizo hazijapita. Watu wa Walikale, jirani na Masisi, waijua hesabu hii: huko Luvungi, mwaka 2010, washambuliaji walikaa vijijini tangu tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti, wakabaka watu zaidi ya 300, na aliyeshambuliwa usiku wa kwanza muda wake ulikaribia kwisha nao wangalipo. Basi muuguzi wa kituo cha msituni akibakiwa na dozi moja, na mbele yake wameketi binti aliyefika saa ya 70 na mama aliyefika saa ya 10, ampe nani? Wa pili huenda akapata kwingine, ikiwa njia ingali salama. Na isipokuwa salama? Na mimba ikidhihiri, Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, iliyochapishwa katika gazeti rasmi la Kongo mwaka 2018, yaruhusu kuitoa iliyotokana na kubakwa, ilhali sheria ya jinai ingali ikitisha kwa kifungo. Atamwuliza nani, barabara zikiwa zimefungwa?

Badala ya jibu huitiwa warsha mjini, akapewa posho na cheti, kisha akarudishwa kwenye dozi yake moja. Hiyo ni dhihaka! Msaada wa kweli ni kamati ya zoni ya afya, yenye mganga mkuu, muuguzi mkongwe na mjuzi wa sheria, ipatikanayo kwa simu au redio ya upepo saa ile ile, itoayo shauri kwa maandishi na kutia saini kando ya saini ya muuguzi, ili jamaa au hakimu wajapo kuuliza, dhima iwe ya wote. Asiyekubali kutia saini hiyo asijasiri kumfundisha muuguzi maadili.