Mkongojo si Aibu

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini katika nyumba nyingi za Mnazi Mmoja na Kariakoo, mzee hafiki tena penye neno. Amebaki chumbani kwa sababu miguu haimshiki sawasawa na barabara inamtisha.

Wapo wazee wanaokataa mkongojo wakiogopa kuchekwa, na wapo watoto wanaowaunga mkono. Wengine hukimbilia kiti cha magurudumu. Anayekihitaji akipate. Lakini mzee ambaye bado anaweza kutembea, akikalishwa humo kutwa nzima, misuli yake huzidi kulegea. Maoni yetu ni kwamba mzee atembee kadiri awezavyo, kwa kifaa kinachomfaa.

Mkongojo nao una kipimo chake. Mzee asimame wima amevaa viatu, mikono ikining'inia. Kishikio kifike usawa wa kifundo cha mkono. Aushike upande wa mguu ulio mzima, na ausogeze pamoja na ule mguu mbovu. Ncha iwe na kifuniko cha mpira, nacho kikilika kibadilishwe, maana sakafu iliyolowa haina huruma. Anayeyumba zaidi anafaa kupewa fremu ya miguu minne. Na anayeanguka mara kwa mara, au aliyeishiwa nguvu za miguu ghafla, apelekwe hospitali kabla ya kununuliwa kifaa chochote.

Hata hivyo, mkongojo hauruki mtaro ulio wazi, wala haupandi juu ya marobota ya mitumba yaliyopangwa njiani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, vituo vyake vilijengwa usawa wa mlango wa basi ili abiria asipande ngazi. Hilo ni jambo jema. Lakini litamfaa nini mzee asiyeweza kutoka mlangoni kwake hadi kituoni?

Kwa hiyo tunawaomba wafanyabiashara waache nafasi ya kupita kiti cha magurudumu. Tunawaomba viongozi wa mitaa wahakikishe mitaro inafunikwa. Nazo jumuiya ndogo ndogo ziwatembelee wazee wasiofika tena Misa na kuwauliza kinachowazuia: je, ni ngazi, ni mtaro, au ni kukosa mkongojo?

Amri ya nne haitimizwi kwa chakula na dawa peke yake. Kumheshimu mzazi ni pamoja na kumwezesha kutoka nje kwa miguu yake.