Staa Kaponda Piano Yako? Usikimbilie Kukopa Kinanda Kipya

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna kitu kimenikaa rohoni na nikikinyamazia nitakuwa mnafiki.

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, wenyewe mkipiga hesabu mtampata. Miezi kadhaa nyuma alialikwa kuimba kwenye harusi moja kubwa hapa Dar, akataka wimbo wake wa mapenzi auimbe kwa piano tupu, bila biti. Mpiga kinanda wake ni mshkaji wangu, tumekua wote Temeke. Jamaa akapiga, bibi harusi akalia, watu wakarekodi, freshi kabisa. Kufika nyuma ya jukwaa, staa akamwambia mbele ya wacheza shoo wote kwamba piano yake inalia kama kitochi. Wakacheka. Kesho yake ikaja meseji: kama huna mashine ya maana, wenzako wanazo.

Mshkaji akaenda kuchukua mkopo, ile ya kausha damu. Akaongezea na hela ya kodi ya chumba. Akashuka Kariakoo, akarudi na kinanda kikubwa cha midundo, kile ambacho ukishika kodi kwa mkono wa kushoto, ngoma, besi na gitaa vinaanza vyenyewe. Skrini kama tableti, midundo zaidi ya 400, taa kila kona. Kwa bei yake ungepata bodaboda na chenji ikabaki.

Shoo ya kwanza na hiyo mashine nilikuwepo. Naongea ukweli mtupu: piano ililia vilevile.

Mimi sio fundi wa muziki. Nilianza kugusa kinanda kidato cha pili, nikajifunza mwenyewe kwa kubonyeza na kukosea. Ila lile jambo lilinisumbua, nikamfuata mshkaji geto Jumapili tukakaa na vinanda vyote viwili, kipya na kile cha zamani. Msimamo wangu nimeupatia pale: vijana wengi tunanunua kinanda kwa macho ya watu, sio kwa masikio yetu. Na mwisho wa siku anayelipa deni sio aliyetucheka.

Ngoja niwaeleze tulichokuta.

Cha kwanza, waya. Ukumbini fundi mitambo alichomeka waya mmoja tu. Sauti za piano kwenye vinanda vingi zimerekodiwa kwa pande mbili, kushoto na kulia. Ukizilazimisha kupita kwenye waya mmoja, kuna mawimbi yanakatana yenyewe kwa yenyewe, piano inatoka kama imefunikwa na ndoo. Angalia nyuma ya kinanda chako, vingi vina tundu limeandikwa L/L+R na lingine R. Ukichomeka la kwanza peke yake, umeshaipunguza piano kabla hujabonyeza noti. Nyaya mbili, njia mbili kwenye miksa, moja isukumwe kushoto na nyingine kulia. Na kama spika za ukumbi zinatoa upande mmoja tu, pitia sauti zote za piano zilizomo kwenye kinanda, utafute ile isiyopotea ikipita kwenye waya mmoja. Mara nyingi sio ile nzuri ya kwenye hedfoni.

Cha pili, pedali. Jamaa alikuwa hana! Piano halisi bila pedali ya kushikilia sauti ni kama muimbaji asiyevuta pumzi, noti zinakatika katika. Kinanda cha mamilioni, kakosa kitu cha kukanyaga kwa mguu.

Cha tatu, mguso. Kwenye mipangilio tukakuta mguso umezimwa. Yani ubonyeze taratibu au kwa hasira, sauti inatoka na nguvu ileile. Piano halisi ukibonyeza polepole inanong'ona, ukikandamiza inang'aka, na sio kwamba sauti inaongezeka tu, rangi yake yote inabadilika. Watengenezaji wanarekodi noti moja kwa nguvu tofauti tofauti ili kuipata hiyo tabia. Ukizima mguso umetupa kazi yao yote.

Tukarekebisha hivyo vitu vitatu kwenye kinanda kipya. Aisee, ikawa piano. Alafu mshkaji mwenyewe akasema, hebu tufanye na kwenye kile cha zamani. Tukafanya. Tofauti ilikuwepo, siwezi kudanganya, kipya kilikuwa kitamu zaidi. Ila haikuwa tofauti ya mkopo. Mshkaji alikaa kimya muda mrefu, akaanza kukunja nyaya bila kuongea.

Sasa sisemi watu wasipande daraja. Kuna sababu za kweli za kubadilisha kinanda, na ya kwanza ni idadi ya noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. Yamaha PSR-E373 inabeba noti 48, PSR-E473 noti 64, PSR-SX700 na SX900 zinabeba 128. Unaweza kuona 48 ni nyingi wakati una vidole kumi. Kumbe ukikanyaga pedali, noti za nyuma bado zinalia, na zile ngoma na besi za midundo zinakula kwenye hesabu hiyohiyo. Zikijaa, mashine inaanza kuua noti za zamani kimyakimya, unasikia piano inakatika bila kujua kwa nini. Kama unapiga midundo na piano pamoja kila wiki, hapo kweli una haja ya kupanda.

Sababu ya pili ni vidole. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. SX700 na SX900, pamoja na bei zake, zina vibonye 61 vyepesi, havina uzito wa piano. Hata Korg Pa700 na Pa1000 ni 61. Ni mashine nzuri sana kwa bendi, midundo, filimbi, vinanda vya taarabu. Ila kama kilio chako ni piano, vidole vyako havitapata kile unachokililia. Kuna mashine zenye vibonye 88 vizito kama piano na midundo ndani yake. Yamaha DGX-670 ina midundo 263 na noti 256 kwa wakati mmoja. Shida yake ni zaidi ya kilo 20, sio ya kupakata kwenye bodaboda. Korg XE20 nayo ina 88, uzito takriban kilo 11, hiyo bajaji inabeba bila ugomvi. Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "ipi kali", ni "nalilia midundo au nalilia piano, na naibeba na nini?"

Ukiingia dukani usikubali kupigiwa demo, maana demo zimepakwa mwangwi mpaka kila kitu kinasikika kitamu. Nenda na hedfoni zako, zima mwangwi, chagua piano peke yake. Chukua noti moja ya katikati, ibonyeze kuanzia polepole mpaka kwa nguvu. Ukisikia sauti inaruka ghafla kama mtu kabadilisha redio, hiyo piano ina tabaka chache. Alafu kanyaga pedali, shika noti nene ya chini, uiache ife yenyewe. Nzuri inafifia taratibu. Mbaya inajirudia rudia kama feni. Mwisho washa mdundo, kanyaga pedali, piga kodi nyingi, usikilize kama kuna noti zinatoroka. Muuzaji akikasirika, maduka yapo mengi.

Na wale wa mitumba, muwe makini na adapta. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Soma maandishi kwenye adapta kabla hujachomeka, vinginevyo unanunua moshi.

Kuna na njia ya katikati ambayo wengi hawaitumii. Kama kinanda chako kina tundu la USB la kuunganisha kompyuta na una laptopu ya kawaida, unaweza kupiga kinanda chako na sauti ya piano ikatoka kwenye laptopu. Kuna piano inaitwa Salamander, imerekodiwa kutoka kwenye piano kubwa ya Yamaha C5, kila noti iliyorekodiwa ina tabaka 16 za nguvu, na ni ya bure. Inabidi ujifunze kuipanga ili isichelewe kujibu vidole, na wikiendi moja inatosha. Bando la intaneti halijawahi kumpeleka mtu kausha damu.

Sasa nirudi kwa staa wetu. Najua timu yake mtakuja kusema alikuwa anamsukuma kijana akue. Sawa, tuseme. Lakini mtu unayemlipa elfu 60 kwa shoo, usafiri juu yake, huwezi kumdai sauti ya milioni kadhaa kisha ukamcheka mbele ya watu. Kama sauti ni ya chapa yako, changia mashine. Au angalau muulize fundi mitambo wako kwa nini kachomeka waya mmoja. Na kwa taarifa yenu, juzi kati nimemuona staa huyohuyo anauimba wimbo uleule kwenye shughuli nyingine kwa flashi. Hakuna piano, hakuna mpiga piano.

Mshkaji bado anarejesha, kila Ijumaa. Kile kinanda cha zamani kakiuza kwa bei ya kutupa ili alipe wiki mbili za mwanzo.

Kwa hiyo mdau, kama nawe umeambiwa piano yako ni kitochi, anza na pedali, nyaya mbili na mipangilio ya mguso. Piga mwezi mzima. Ukiwa bado hujaridhika, weka hela kidogo kidogo mpaka itimie, ukanunue ukiwa umetulia, sio ukiwa na hasira.

Wapiga vinanda, nyie mnapigia nini na mlikipata vipi? Na wale mnaolipwa kwa "tutakutoa tu," dondosheni ya kwenu hapo chini. Majina kapuni kama kawaida.