Sajini Leakey na Askari Watatu

Mtu apitaye Barabara ya Ngong kutoka mjini Nairobi, akiisha kuiacha Kilimani nyuma yake na kuelekea magharibi, hufika penye makaburi ya vita yaliyofunguliwa na jeshi mwaka 1941. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 1,900 wa Vita Kuu ya Pili. Upo pia ukumbusho wenye majina ya wale wasiojulikana kaburi lao, na mmoja wao ni Sajini Nigel Gray Leakey.

Leakey alizaliwa Kenya mwaka 1913, wa ukoo mmoja na Dr. Louis Leakey, mchimbuzi wa mambo ya kale. Vita vilipozuka aliingia King's African Rifles, jeshi ambalo watu wamezoea kuliita Keya, akawekwa katika Keya ya Sita, iliyokuwa ya Tanganyika.

Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika nchi ya Uhabeshi, kombania mbili zilivuka mto Billate kuwakabili Waitaliani. Mara vifaru vikatokea vichakani. Leakey alikuwa akiwasaidia wenziwe kwa mzinga mdogo, na makombora yake yalikuwa yamekwisha. Basi akarukia juu ya kifaru kimoja, akafungua mfuniko wake kwa nguvu, akawapiga kwa bastola waliokuwamo, ila dereva, ambaye alimlazimisha kukipeleka mafichoni. Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, lakini haukulia. Hapo akashuka, akaenda kwa miguu kuvinyemelea vingine, pamoja na sajini meja Mwafrika na askari wawili. Viwili vilipita. Alipanda cha tatu, akamwua mmoja wa waliokuwamo; ndipo kifaru cha nne kikampiga risasi, akafa. Askari walioyaona hayo walizidi kupigana kwa moyo, na siku ile ikawa ya ushindi.

Nishani ya Victoria Cross, iliyo kuu kupita zote za ushujaa vitani, ilitangazwa kwa ajili yake tarehe 15 Novemba 1945. Tangazo hilo lamtaja sajini meja na askari wale wawili, lakini majina yao halikuyatoa. Nao walikwenda katika uwanja ule ule, mbele ya risasi zile zile.

Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kumheshimu Leakey ni haki, wala heshima yake haipungui kwa kuwakumbuka wenziwe. Jina lisiloandikwa hufa pamoja na wamjuao mtu. Kwa hiyo, aliye na kipande cha jeshi au nishani ya babu yake sandukuni, na akitoe leo, aandike jina lake, kikosi chake na mahali alipopigana, awasomee watoto wangali wanasikiliza.