Mtahini wa Android Asiwe Mwenye Duka

Msimbo chanzo wa Android uko wazi kwa yeyote. Leseni ya Apache inamruhusu mhandisi wa Kisumu au Mbeya kuupakua, kuubadilisha, kuujenga upya na kuuweka kwenye simu anazouza, bila kuomba ruhusa wala kulipa senti. Kazi ngumu huja baadaye, pale anapotakiwa kuthibitisha kwamba programu iliyoandikiwa simu za wengine itafanya kazi sawasawa kwenye simu yake. Mtihani huo wa utangamano ni wa lazima, na nauunga mkono. Ninachokipinga ni kwamba anayeutunga na kutoa cheti ndiye huyohuyo mwenye duka ambalo kila simu inalihitaji.

Masharti yenyewe yametungwa vizuri. Kila toleo la Android lina waraka unaotenganisha yaliyo lazima na yanayopendekezwa tu. Simu ya mkononi, kwa mfano, lazima impe mtumiaji njia ya kurudi nyuma, ya kwenda ukurasa wa mwanzo na ya kuona programu alizotumia karibuni. Kisha simu huunganishwa na kompyuta, nayo kompyuta huiendeshea majaribio kwa wingi. Mojawapo hukagua, jina kwa jina, amri zote ambazo waandishi wa programu wanazitegemea. Mtengenezaji akifuta moja, au akichomeka yake chini ya jina la Android, simu inafeli. Ukali huo unamlinda mnunuzi wa simu ya bei nafuu, ambaye hana pesa ya kununua nyingine programu zikigoma.

Hata majaribio hayo ni huria, na yeyote anaweza kuyaendesha mezani kwake. Ila kufaulu hakutoshi. Play Store, duka la programu la Google, haimo katika msimbo huria. Hupatikana kwa mkataba wa kibiashara na Google. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa kwamba kampuni iliyotaka duka hilo ilizuiwa kuuza hata simu moja yenye Android iliyobadilishwa bila idhini. Tume ilikuta kwamba watengenezaji kadhaa wakubwa walikwamishwa hivyo kuuza vifaa vyenye Fire OS, Android iliyobadilishwa ya Amazon. Septemba 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipunguza faini hadi bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki palepale.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba pasipo mkono wenye nguvu kila mtengenezaji atafanya lake. Hofu yao ina msingi. Linux iliwahi kuwa na kiwango cha hiari, Linux Standard Base, kilichokusudiwa kuiwezesha programu moja kutumika kwenye matoleo yote. Debian, mojawapo ya matoleo makubwa, ikaachana nacho mwaka 2015, kwa kuwa ni wachache mno waliokuwa wakikitumia. Lakini nguvu si lazima itoke kwa mfanyabiashara. POSIX, kiwango cha mifumo ya kompyuta, imekuwapo tangu 1988 chini ya IEEE, chama cha wahandisi, na alama ya UNIX hutolewa kwa mifumo iliyofaulu mtihani wa The Open Group, ambayo haiuzi kompyuta wala simu. Apple na IBM wamefanya mtihani huo kwa masharti yaleyale na kupata alama. Kwamba Google ndiyo inayogharamia sehemu kubwa ya uundaji wa Android ni kweli, na ina haki ya kuchuma kutokana na duka lake; haki hiyo haifiki kwenye kuamua simu ya nani itambuliwe kuwa salama.

Huku kwetu mamlaka za mawasiliano, TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, tayari huidhinisha aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Zianze kupokea na kutambua matokeo ya majaribio huria ya Android. Nazo benki, ambazo programu zao zinaweza kuikataa simu kwa kukosa cheti cha Google tu, ziifungulie mlango simu iliyofaulu.