Risala ya Mashabiki wa Soka wa Busawe: Timu Tuliyoihama na Timu Tunayoijenga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa chama cha mpira wa miguu,
Ndugu Afisa Michezo,
Watendaji na wenyeviti wa vijiji,
Wazee wetu wa mila, mama zetu, vijana wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika Busawe. Wageni wa mpira mara nyingi huishia Mugumu au Tarime mjini, na habari za timu za huku huwafikia zikiwa zimepita midomo mingi. Leo umekuja mwenyewe, kwa hiyo tutasema yetu bila kuzunguka.

Sisi ni mashabiki tulioihama timu yetu. Tuliishangilia, tukaichangia, tukaipikia, na sasa tumeiacha tukaanzisha nyingine itakayomilikiwa na wanachama wake. Jina lake hatulitaji katika risala hii, kwa kuwa bado halijapata cheti na hatutaki kulitangaza kabla sheria haijalitambua. Tumekuja na malalamiko, na tumekuja na madai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, timu tuliyoihama ilianza kama ndondo ya jioni kwenye kiwanja cha shule. Mpira ulinunuliwa kwa michango baada ya mavuno: mwenye shilingi alitoa shilingi, mwenye mahindi alitoa mahindi yakauzwa gulioni. Wachezaji wote walikuwa watoto wa nyumbani. Ndipo akaja mfadhili. Hatutamtaja, maana hatukuja hapa kumshitaki mtu. Tumekuja kueleza utaratibu uliotuumiza, ambao tunajua unaumiza vijiji vingine vingi. Alileta jezi kamili, viatu, nyavu za magoli. Tulimpokea kwa vigelegele na wema huo hatuukani hata leo.

Ulipofika wakati wa kusajili timu, majina yaliyojazwa kwenye fomu yalikuwa lake na ya watu wake wa karibu. Katiba iliyopelekwa hatukusomewa. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba kazi yetu ni kushangilia, mengine tumwachie mwenye timu. Baada ya hapo walikuja mamluki kutoka mbali kwa ajili ya mashindano, vijana wetu wakakaa benchi kwenye kiwanja walichokifyeka wenyewe. Ng'ombe dume wa zawadi alishindaniwa hapa na akaliwa kwingine. Akina mama waliopika kambini walisikia tu kwamba ameshachinjwa. Mwishowe mechi za nyumbani zikahamishiwa mjini, kwa hoja kwamba huko kiingilio kinakusanyika vizuri. Mzee wa Busawe anayetaka kuiona timu ya Busawe akalazimika kutafuta nauli ya bodaboda. Uchaguzi ulipopita, mfadhili naye akapungua, hadi hata jezi za mazoezi zikakusanywa. Cheti kimebaki kabatini kwake. Timu iko kwenye karatasi, kiwanjani haipo, na sisi hatuna mamlaka ya kuifufua wala kuifunga.

Tuliomba mkutano wa wanachama. Tukaambiwa wanachama hawapo.

Kwetu mtu akikukabidhi ng'ombe umtunzie, maziwa utakamua, lakini humpeleki mnadani bila mwenyewe kujua. Hayo ndiyo tuliyotarajia kwa mfadhili, na hayo ndiyo yaliyovunjwa.

Wapo wanaotuita waasi. Wanasema shabiki haachi timu, na anayeacha timu ni mleta fujo. Tunaomba watu hao wakumbuke soka la nchi hii lilivyojengwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya watu wake walitofautiana na wenzao wakatoka kuunda timu nyingine. Timu hiyo ilipita majina kadhaa, ikajulikana sana kama Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Leo nusu ya Tanzania inavaa jezi nyekundu kwa sababu watu waliona hawasikilizwi, wakaenda kujenga kwao. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika tena, ikazaliwa Pan African, na mwaka 1982 Pan African ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mtu atakayesema kuhama ni uhaini, aanze kwa kuifuta Simba.

Mheshimiwa, jambo linalotutisha zaidi limetokea karibuni, na tunaomba utuvumilie tulieleze kwa urefu kidogo. Kule Mbarali, mkoani Mbeya, ilikuwepo timu ya Ihefu. Uwanja wake wa Highland Estates ulikuwa wa kawaida tu, umezungukwa na mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika hapo ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ikafungwa 2-1. Oktoba 2023 ikarudi, ikafungwa tena 2-1. Wakulima wa mpunga walikuwa na kitu ambacho miji mikubwa ilikitamani. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 2024, katikati ya msimu, timu hiyo ilihamia Singida, na msimu uliofuata hata jina la Ihefu likaondoka. Ikaitwa Singida Black Stars. Hatusemi sheria ilivunjwa. Tunasema hiyo ndiyo sheria yenyewe: mwenye hati akiamua, timu inaondoka na nafasi yake ya ligi, na waliokuwa wakipanga foleni langoni hawaulizwi lolote. Watu wa Mbarali wamebaki na uwanja na kumbukumbu. Kama hilo liliwezekana kwa timu ya Ligi Kuu, iliyoonekana kwenye televisheni kila wiki, nani atailinda timu ya Busawe?

Hata hapa mkoani kwetu Mara tunayo ya kusikitikia. Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na uwanja wa Karume pale Musoma ukarudi kuwa na maana. Msimu wa 2020/21 ilimaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Oktoba 2021 iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 katika mechi ya kwanza. Marudiano hayakuchezwa, kwa sababu safari ya Libya ilikwama na timu haikufika. Ushindi ule ukapotea hivyo, na mwaka 2022 timu ikashuka daraja. Tuliofunga safari kwenda Musoma kuiona tulikuwa tayari kuchangia, kama tulivyochangia madawati na zahanati. Tungekuwa na kadi, mkutano mkuu na hesabu za wazi, tungejua hali halisi mapema. Hatudai kwamba michango ya wakulima ingekodi ndege. Tunadai kwamba timu yenye wanachama hai haipati shida kimyakimya.

Ndugu zetu wa Simba na Yanga wameupigania umiliki huu kwa miaka. Yanga ilishawahi kugawanyika kati ya waliotaka kampuni na waliojiita Yanga Asili. Simba ilipomkaribisha mwekezaji mwaka 2017 kwa shilingi bilioni 20, Serikali ilisimamia kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Yanga nayo ilipitisha mabadiliko kama hayo mwaka 2021. Tunaipongeza Serikali kwa msimamo huo. Swali letu ni kwa nini ulinzi huo uishie Kariakoo, nyumbani kwa klabu hizo mbili. Mwanachama wa Jangwani analindwa. Mwanachama wa Busawe anaambiwa hayupo.

Tumejifunza pia kwa walio mbali. Mwaka 2002 huko Uingereza, timu ya Wimbledon ya kusini mwa London iliruhusiwa kuhamia mji wa Milton Keynes. Mashabiki wake walikataa kuifuata. Waliitisha majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa umma, yeyote aje, wakaunda AFC Wimbledon na kuanzia daraja la tisa. Mwaka 2011 walipanda hadi ligi ya kulipwa, na mwaka 2020 wakarudi kucheza mtaa wa Plough Lane, walikotoka. Manchester nako, familia ya Glazer iliponunua Manchester United mwaka 2005, baadhi ya mashabiki waliondoka wakaanzisha FC United of Manchester. Huko mwanachama ana kura moja, awe ametoa nyingi au kidogo. Mwaka huohuo kule Salzburg, Austria, kampuni ya Red Bull iliponunua timu na kuiondolea rangi yake ya zambarau, mashabiki walianza upya chini kabisa wakiwa na zambarau yao. Watu hawa wana fedha kuliko sisi, ni kweli. Lakini walichoanza nacho kilikuwa daftari la wanachama, na daftari tunalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, timu yetu mpya tumeipanga hivi. Mwanachama analipa ada ndogo kwa mwezi, na asiye na fedha analeta mahindi au ulezi wakati wa mavuno, inaandikwa thamani yake. Kura ni moja kwa kila mtu. Mfadhili anakaribishwa, anaandikwa kwenye jezi, anashukuriwa hadharani, ila hanunui kura. Mhazini anasoma hesabu mbele ya watu kila baada ya mavuno, kama mambo ya jamii yanavyoamuliwa kwenye ritongo, baraza letu la mila, wote wamekaa na kila neno linasikika. Tumeongeza moja ambalo ritongo la wazee wetu halikuwa nalo: mama zetu wana kura kamili. Wao ndio waliopika kambini na kufua jezi, na katiba yetu inawatambua kama wenye timu. Tumeandika pia kwamba hakuna mchezaji wala mwanachama atakayepimwa kwa ukoo wake. Wilaya hizi zetu, Tarime na Serengeti, zinajua gharama ya koo kugombana, na kijana anayecheza ubavuni mwa kijana wa ukoo mwingine ni hatua ambayo askari hawawezi kuileta kwa doria.

Baada ya kueleza hayo, tunadai yafuatayo.

Kwanza, usajili. Tunaomba maombi yetu yapokelewe na ofisi ya michezo ya wilaya na kufikishwa kwa Msajili, chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, bila kutuambia kwamba Busawe tayari ina timu. Timu iliyo kabatini isizuie timu iliyo kiwanjani. Na kabla klabu yoyote yenye jina la kijiji au kata haijapewa cheti, katiba yake isomwe kwenye mkutano wa hadhara wa mahali hapo, ili majina ya kwenye fomu yawe ya watu tunaowajua.

Pili, vijana wetu waachiwe. Wako wachezaji wanaotaka kujiunga nasi, lakini usajili wao umeshikwa na timu ambayo haifanyi mazoezi wala haiingii ligi. Chama cha mpira kiweke kanuni kwamba klabu isiyocheza msimu mzima inapoteza haki ya kumzuia mchezaji. Kijana ana miaka michache ya miguu. Tukimfungia, ataacha mpira avuke mto kwenda Nyamongo kutafuta dhahabu, na huko hatumpati tena.

Tatu, kura za ndani ya chama cha mpira. Wajumbe wa mikutano ya wilaya wanatoka kwenye klabu. Klabu ikiwa ya mtu mmoja, kura yake nayo ni ya mtu mmoja, na mwenye vyeti vingi anaweza kuchagua uongozi wa wilaya akiwa amekaa sebuleni kwake. Hili ndilo shina la malalamiko yetu yote. Tunataka mjumbe awe na muhtasari wa mkutano wa wanachama uliomchagua, wenye sahihi zao, na asiye nao asiingie ukumbini.

Nne, kiwanja. Tunaiomba serikali ya kijiji ilete ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, itenge eneo la michezo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lipimwe na kuwekewa mipaka. Kiwanja cha shule ni cha wanafunzi, sisi tunakiazima, na kila msimu wa kilimo mahindi yanasogea kuelekea kona ya goli.

Tano, na hili ni la kupeleka juu zaidi yako. Tunaomba wabunge wetu na Wizara yenye dhamana ya michezo walete kanuni kwamba klabu inayobeba jina la mahali haiwezi kuhamishwa wala kubadilishwa jina bila kura ya wanachama wa mahali hapo. Ujerumani wanaendesha ligi kubwa huku kura nyingi zikibaki kwa wanachama wa klabu, na wawekezaji hawajakimbia.

Hatuombi jezi, Mheshimiwa. Tunajua wageni rasmi huombwa jezi na mipira miwili, na wakiahidi mkutano hushangilia. Leo ukitaka kutusaidia, chukua maombi yetu ya usajili, yako hapa mezani pamoja na katiba na daftari la wanachama, uyafikishe yanapotakiwa. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, yasomwe kwenye mkutano kama huu. Ligi ya wilaya ikianza, tumekusudia kuwemo, na mechi za nyumbani zitachezwa hapahapa Busawe.

Tunaomba kuwasilisha.

Mashabiki na wanachama,
Busawe